Ukuta wa Jumba la Sanaa

Kila mji unaokua hufika siku ukataka kuwa na jumba lake la sanaa za maonyesho. Barabara zimekwisha kutiwa lami, soko limejengwa, hospitali ipo, na sasa wakuu wa mji husema kwamba mji usio na jumba la namna hiyo ni kama mtu aliyevaa vizuri lakini hana la kuzungumza. Matakwa hayo ni mema, wala sina nia ya kuyapinga. Ninalotaka tulitazame hapa ni jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika furaha ya kupanga: kwamba jumba la sanaa ni ukuta kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwamba mwenye kujenga ukuta amekwisha kuamua nani atakuwa ndani na nani atabaki nje, hata kama katika hotuba ya kuweka jiwe la msingi atatamka kwamba jumba ni la wananchi wote.

Swali hili sikulipata vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa, pamoja na walimu wengine, katika kikao cha kamati iliyokuwa ikipanga ukumbi wa maonyesho wa mji mmoja nchini mwetu. Mezani palitandazwa ramani kubwa. Msanifu wa majengo, kijana mwenye adabu na aliyeijua kazi yake, alitueleza kila kitu: safu za viti, jukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo, mahali pa kuuzia vinywaji na maegesho ya magari. Katika kamati alikuwamo pia mzee mmoja, manju wa ngoma, ambaye nadhani alialikwa kwa heshima tu, maana hakuna aliyemwuliza neno. Mwishoni aliomba kusema. Alisogea, akaitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Wanangu, moto wa kupashia ngoma tutaukoka wapi?"

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini swali lilikuwa la kweli. Kila mwenye kuijua ngoma anafahamu kwamba ngozi hulegea kwa unyevu wa hewa na sauti ikafifia. Kwa hiyo kabla ya kucheza, na mara nyingi katikati ya mchezo, wapigaji husogeza ngoma karibu na moto wa nyasi au wa vijiti ili ngozi ikaze. Moto huo si shughuli ya jikoni. Hapo ndipo watu wanapoanza kukusanyika. Watoto hutumwa kutafuta nyasi kavu, mpigaji hujaribu sauti kwa kiganja, na mpita njia husimama kwa kuwa amejua kwamba leo pana jambo. Onyesho limekwisha kuanza ingawa hakuna aliyecheza bado. Msanifu alijibu kwa upole kwamba ngoma zaweza kupashwa kwa taa za umeme nyuma ya jukwaa, mahali pasipoonekana. Kwa upande wa ufundi jibu lilikuwa sahihi kabisa. Kwa upande mwingine, sehemu moja ya sanaa ilikuwa imekwisha kukatwa na kutupwa kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa, na aliyeikata hakujua kwamba anakata kitu.

Tuitazame basi hali tunayotoka. Ngoma huchezwa uwanjani, na watu huizunguka. Katika duara hilo hakuna safu ya kwanza wala ya mwisho iliyopangwa kwa bei. Mtazamaji aweza kuitikia wimbo, aweza kuingia akacheza hatua mbili tatu akatoka, aweza kumtuza mchezaji aliyemfurahisha, na aweza pia kuondoka zake, jambo ambalo ni hukumu kali kuliko makala yoyote ya mhakiki. Jumba la kizungu la karne zilizopita limejengwa kwa fikra nyingine: jukwaa ni kama dirisha kubwa lililokatwa katika ukuta, watu wamekaa gizani upande mmoja, na wachezaji wako katika mwanga upande wa pili. Mtazamaji mwema ni yule aliyenyamaza. Mwanafunzi aliyezoea kuitikia hadithi kwa bibi yake huingia katika jumba la aina hii akaambiwa "Kelele!" mara tu anapofanya kile ambacho kwao kingehesabiwa kuwa ni adabu.

Lakini tusijidanganye kwa kulisifu duara kupita kiasi, kosa ambalo sisi waandishi wa mambo ya utamaduni tumelifanya mara nyingi. Mvua ikinyesha, ngoma imekwisha. Maneno ya mwigizaji aliyewapa mgongo nusu ya watu hayasikiki kwa nusu hiyo. Wanawake wachezaji hubadili nguo nyuma ya kibanda, wakishikiana kanga. Na jambo kubwa zaidi: katika duara la kijijini msanii hulipwa chakula, pombe na sifa, na hilo lawezekana kwa sababu kesho asubuhi anakwenda shambani kwake. Mjini mchezaji hana shamba. Ana kodi ya chumba na watoto wanaohitaji sare za shule. Akitaka kuishi kwa kazi yake hana budi kutoza kiingilio. Kiingilio chataka mlango, nao mlango hauna maana pasipo ukuta.

Hapo ndipo penye utata, nami namwomba msomaji asiukimbie haraka. Anayetaka ukuta uvunjwe hana budi kutuambia mpigaji ngoma atakula nini. Na anayetaka ukuta ujengwe hana budi kumjibu muuza mkaa ambaye kwa ushuru anaoulipa kila siku amechangia matofali ya jumba hilo, kisha akafika mlangoni akakuta kwamba bei ya kuingia ni chakula cha nyumba yake cha siku mbili. Yawezekana mtu akasema kwamba reli nayo hujengwa kwa kodi za watu wote, na bado abiria hulipa nauli. Ni kweli. Lakini reli haikuchukuliwa kutoka kwa muuza mkaa. Nyimbo zinazoimbwa jukwaani, hatua za ngoma na visa vinavyoigizwa vilitoka kwake na kwa wazee wake. Kumtoza mtu nauli ni jambo moja, na kumtoza ili aione sura yake mwenyewe ni jambo jingine.

Serikali yetu ilijaribu njia ya kumwondolea msanii shida ya kiingilio kwa kumlipa mshahara. Vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na michezo ya kuigiza viliundwa katika miaka ya 1960 na 1970, na kutokana navyo kikazaliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Kazi iliyofanywa na vikundi hivyo haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo mshahara nao una ukuta wake, kwani anayelipa ndiye hatimaye anayechagua wimbo. Katika miaka ile ile ya 1980 vikundi kama Muungano na Mandela vilichagua njia tofauti kabisa: viliingia katika kumbi za baa za Dar es Salaam, vikawapa watu ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika jioni moja. Wasomi wengi, nami nikiwa mmojawapo, tulinung'unika kwamba sanaa imeuzwa kwa wauza pombe. Sasa naona kwamba tulisema nusu ya ukweli. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewajengea wasanii hao nyumba. Baa ilikuwa na ua, mlango na kiti, na ua wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba asiyelipa aliisikia ngoma barabarani.

Jirani zetu wa Kenya wametupa somo ambalo kila anayepanga jumba angepaswa kulisoma kabla ya kununua saruji. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kwa miaka mingi lilikuwa mahali pa starehe za walowezi na michezo ya kwao. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini mwaka 1976 tamthilia mbili zilizokuwa zikiandaliwa kwenda katika tamasha la Lagos, yaani The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipata siku chache tu jumbani humo, kwa kuwa nafasi zilikwisha kutolewa kwa maonyesho ya Kizungu. Jina la mlangoni lilisema "taifa", na daftari la zamu likasema vingine. Tamthilia ya Kimathi ilipoonyeshwa, wachezaji na watazamaji walitoka pamoja wakiimba na kucheza hadi nje. Watu wale hawakuwa na hoja ya kitaaluma juu ya usanifu wa majengo, lakini miguu yao ilikwisha kuona kwamba jumba halikuwatosha.

Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na vibarua walijenga ukumbi wao. Walitengeneza kwanza mfano wa jukwaa kwa njiti za kiberiti juu ya ardhi tupu, kisha wakajenga jukwaa lililoinuka katika umbo la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi na kijumba kidogo cha kuhifadhia vitu na kubadilishia nguo. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi. Paa halikuwapo. Mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanywa mbele ya watu, na waliopita waliwasahihisha waigizaji: mzee haketi hivyo, mama hasemi na mkwewe kwa sauti hiyo. Serikali ilipiga marufuku mchezo huo mnamo Novemba 1977, na Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Jambo ninalotaka msomaji aliangalie ni dogo. Kamĩrĩĩthũ nako kulikuwa na ua wa mianzi uliozunguka ukumbi mzima. Tofauti kati ya ua huo na kuta za Nairobi haikuwa katika mianzi na mawe. Walioukata mwanzi ndio waliochimbia nguzo, wakakaa ndani miezi mingi wakibishana juu ya mchezo, hata siku ya onyesho ilipofika hapakuwa na mtu wa kijiji ambaye ua ule ulimwambia "wewe si wa hapa".

Pengine msomaji anaona kwamba ninakuza mambo, kwamba mlango ni mlango tu. Basi na twende mbali kidogo, hadi Chicago, Marekani. Mwezi Novemba 1903 lilifunguliwa huko jumba la fahari lililoitwa Iroquois, likatangazwa kuwa haliwezi kuungua. Tarehe 30 Desemba mwaka huo huo, katika onyesho la mchana wakati wa likizo, jumba likiwa limejaa wanawake na watoto, cheche za taa zilishika pazia. Pazia la kuzuia moto lilikwama njiani. Watu 602 walikufa, wengi wao wakiwa wale waliokaa katika roshani za juu, kwenye viti vya bei nafuu. Milango mingine ilifichwa nyuma ya mapazia, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Na kwenye ngazi za kutoka juu palikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa kwa kufuli wakati wa onyesho. Yalifungwa ili mtu aliyelipa bei ndogo asije akashuka kimya kimya na kukaa kwenye kiti cha bei kubwa. Baada ya msiba huo sheria za majumba ya maonyesho zilibadilishwa katika miji mingi, na mlango wa dharura unaofunguka kwa nje, ambao leo tunauona hata katika kumbi zetu, unatokana kwa kiasi kikubwa na siku ile. Mtu mmoja alichora geti kwenye ngazi kwa ajili ya tofauti ya bei, na hakuna aliyemwuliza swali.

Moto tunaujua hata sisi. Jumba la maonyesho la Bagamoyo, lililokuwa na paa la makuti na uzuri wa pekee, liliteketea mwaka 2002, na chuo kikalazimika kujenga jingine. Kwa hiyo msanifu wetu hakukosea alipokataa moto wa manju ndani ya ukumbi. Nasema hivi kwa sababu wapo watu wanaodhani kwamba kuupenda utamaduni ni kuwapuuza wahandisi.

Ufundi wenyewe, tukiusikiliza vizuri, hutupa hoja za kutetea umma. Uso wa mwigizaji, ile hali ya jicho na mdomo inayobeba nusu ya maana, hausomeki vizuri kwa mtu aliye mbali zaidi ya mita 20 hivi. Sauti nayo ina sheria zake. Katika ukumbi uliofungwa, sauti iliyokwisha kutoka huendelea kuvuma kwa muda kabla ya kufa. Kwa maneno ya tamthilia mvumo huo unafaa uwe wa kadiri ya sekunde moja, ama sivyo silabi hupandana. Kwa okestra ya ala nyingi hutakiwa karibu sekunde mbili. Ngoma zetu kubwa zilitengenezwa ili zisikike kijiji cha pili, tena mahali pasipo na kuta. Ukizifungia katika ukumbi wa saruji tupu, kila pigo hulikuta pigo lililopita halijaondoka, na watazamaji hutoka na maumivu ya kichwa wakisema kwamba ngoma ni kelele. Ngoma haina kosa. Aliyepanga ukumbi hakuuliza ni sauti gani itakayokaa humo.

Jumba la Lagos lilijengwa kwa ajili ya tamasha lile la mwaka 1977, na umbo lake lilifuata jumba la utamaduni na michezo la mji wa Varna, Bulgaria. Ukumbi wake mkuu ulipangwa kuchukua watu 5,000. Ni idadi ya kumfurahisha kila mwanasiasa, lakini hesabu ya mita 20 yatosha kutuonyesha kwamba wengi wa watu hao hawataona uso wa mtu. Huko Accra, Efua Sutherland alianzisha mwaka 1961 ukumbi mdogo wenye ua ulio wazi juu, uliofuata umbo la nyua za nyumba za kwao ambamo hadithi husimuliwa jioni. Ukumbi huo ulivunjwa ili kupisha Jumba la Taifa lililojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1992, na mfano wake ukajengwa upya Legon, katika eneo la Chuo Kikuu. Jumba jipya ni zuri, limetengenezwa kama merikebu zilizokutana, na maonyesho mengi mema yamefanyika humo. Sina sababu ya kuwalaumu Wachina wala Wabulgaria, kwani fundi mgeni hushona kwa kipimo anacholetewa. Ninachojiuliza ni nani aliyepeleka kipimo, na kama ua ule wa Sutherland ulihesabiwa kuwa ni fikra au ni kiwanja tu.

Nirudi kwenye kikao chetu. Kicheko kilipokwisha nilithubutu kusema kwamba swali la mzee lina jibu, na jibu halipo ndani wala nyuma ya jukwaa. Lipo mbele, mahali ambapo ramani ilionyesha maegesho ya magari. Pawe na uwanja wa mviringo mbele ya mlango, usio na geti, wenye mahali pa moto palipojengewa mawe, mbali na kuta. Ngoma zipashwe hapo. Sehemu ya kwanza ya onyesho ichezwe hapo, bila malipo, kwa yeyote anayepita, na wanaotaka kuona tamthilia walipe na kuingia. Ukumbi wenyewe uwe mdogo, kiasi kwamba mtu wa safu ya nyuma aone jicho la mwigizaji. Mhasibu wa kamati aliuliza, na ilikuwa haki yake kuuliza, ni nani atakayewalipa wachezaji kwa ile sehemu ya nje. Sikuwa na jibu kamili, na mpaka leo sinalo. Mzee manju alisema tu kwamba kwao ngoma ya kuita watu haijawahi kulipiwa, lakini bila hiyo hakuna aliyewahi kuja.

Msanifu alichukua penseli. Alichora duara jepesi juu ya maegesho, akalitazama, akaandika pembeni kipimo chake, na akasema kwamba magari yaweza kwenda nyuma endapo kamati itakubali kupoteza nafasi 12. Kikao kikaahirishwa.

Kikao kilichofuata kilizungumza juu ya nafasi hizo 12 tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee manju hakuwapo. Nilipouliza, niliambiwa kwamba barua yake ya mwaliko ilisahauliwa mezani.